Jumapili Moja Bila Dada: Uchambuzi wa Kisa cha Mtunza Nyumba

Saa 4 asubuhi, Jumapili. Mzee wa miaka 74 alikutwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limelowa jasho, akimwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Mwanawe alidhani ni mang'amung'amu ya usingizi. Alimlaza, akamfunika shuka, akamwambia apumzike. Kama dakika 20 baadaye, mjukuu aliyetumwa kumwita babu mezani alirudi akasema babu haamki vizuri. Hospitalini walimpima sukari, kipimo kikasoma milimoli 2.3 kwa lita. Kikishuka chini ya 3.9 huhesabiwa kuwa sukari imepungua mno. Kwa 2.3 mtu anaweza kupoteza fahamu, na akicheleweshewa msaada anaweza kupoteza maisha.

Mzee alipona. Naanza na hilo ili msomaji asikae roho juu, maana mambo niliyoitiwa siku tisa baadaye hayakuhusu ugonjwa wake. Yalihusu ugomvi. Jua la Jumapili ile lilikuwa halijazama na familia ilikuwa imeshampata mkosaji, mtunza nyumba wao, naye siku hiyo hakuwepo nyumbani kabisa. Alikuwa kwao, kwenye shughuli ya ukoo, kwa ruhusa. Jioni alipigiwa simu na kuulizwa kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika miaka sita ya kuishi na watu wale: "Kwa nini hukutuambia?"

Alirudi usiku ule ule. Jumatatu asubuhi, baada ya kuwaandaa watoto na kumlisha mzee, alitoa notisi ya mwezi mmoja.

Mimi husuluhisha mambo ya namna hii, kati ya wenye nyumba na watu wanaowafanyia kazi za ndani. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya pande zote mbili, na nimeacha majina. Mtunza nyumba nitamwita Dada, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na watoto, na mama mwenye nyumba, na baba mwenye nyumba, hata na wageni. Mzee peke yake alimwita "mwanangu". Hilo la majina nitalirudia, kwa kuwa limebeba sehemu kubwa ya tatizo.

Nyumba na watu wake

Nyumba ina mume na mke, wote waajiriwa, wanaotoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Wana watoto wawili wa shule. Dada aliajiriwa mtoto mdogo akiwa bado anatambaa. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: kufagia na kupiga deki, kufua, kupiga pasi, kupika, kuangalia watoto. Alipewa chumba chake, chakula, mshahara wa kila mwezi na Jumapili ya mapumziko.

Miaka miwili kabla ya kisa, baba yake mume alifiwa na mkewe akahamia pale. Alikuja na kisukari, figo zilizoanza kuchoka, na mfuko wa dawa. Hakuna aliyekaa na Dada kumwambia kwamba sasa kazi yake imebadilika. Mzee alifika Ijumaa. Jumamosi Dada alimpelekea maji ya kunywea dawa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Jumatatu wengine wote walikwenda kazini. Ndivyo alivyogeuka mwuguzi, bila barua wala nyongeza.

Jumapili yenyewe

Mzee alikuwa akitumia glibenklamidi, kidonge kinacholisukuma kongosho litoe insulini. Dawa hii haiulizi kama mtu amekula au hajala. Ikishamezwa itaishusha sukari tu, ndiyo maana humezwa pamoja na mlo. Figo zikiwa dhaifu, hukaa mwilini muda mrefu zaidi na nguvu yake huongezeka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linaeleza kwamba haiwafai watu waliopita miaka 60. Mzee alikuwa ameitumia tangu zamani, na hakuna aliyeiuliza maswali.

Miezi miwili kabla ya tukio, kliniki ilimpunguzia dozi: nusu kidonge badala ya kimoja, kwa sababu ya figo. Aliyempeleka kliniki alikuwa Dada. Daktari alimweleza Dada, Dada akaelewa, na jioni akamwambia mama mwenye nyumba wakiwa jikoni. Mama anakumbuka kuambiwa "kitu fulani kuhusu dawa". Alikuwa anaongea na simu. Kopo la dawa lilibaki na kibandiko cha zamani: kimoja asubuhi. Dada alikuwa akikata vidonge kwa kisu kidogo na kuviweka nusu nusu kwenye kichupa kisicho na maandishi, juu ya kabati lake.

Kila asubuhi kulikuwa na utaratibu ambao hakuna mtu mwingine aliyeujua kuwa ni utaratibu. Mzee husema ameshiba kabla hajala. Dada humketisha, humpa chakula kidogo kidogo, humpigisha soga, na akishakula nusu ya sahani ndipo humpa dawa. Mtu akipita sebuleni ataona binti anapiga gumzo na mzee, na pengine atajiuliza vyombo vitaoshwa saa ngapi.

Jumapili ile baba mwenye nyumba aliamka na nia njema. Alisoma kopo, akampa baba yake kidonge kizima saa 1:30 asubuhi. Mzee akasema ameshiba. Mwanawe akamwamini, kama ambavyo mtoto humwamini mzazi. Kifungua kinywa cha familia siku za Jumapili huliwa saa 4. Dozi maradufu, tumbo tupu, saa mbili na nusu: sitaki kumlaumu mtu kwa hesabu hiyo, nataka ionekane tu jinsi ilivyo fupi.

Swali lililonisumbua ni jingine. Kwa miaka miwili Dada alikuwa na mapumziko kila Jumapili. Kwa nini jambo hili halikutokea mapema zaidi? Niliwauliza wote watatu kwa nyakati tofauti, na jibu lilikuja kwa njia ya upande. Jumapili ya Dada ilikuwa inaanza saa 3 asubuhi, akishamaliza "kumweka mzee sawa", na kwisha saa 12 jioni ili awahi dawa ya usiku. Safari hii tu, kwa sababu ya shughuli ya ukoo, aliomba kuondoka Jumamosi jioni. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili mzee aliamka nyumba ikiwa haina Dada.

Orodha tatu

Kabla ya kuwakalisha pamoja, nilimpa kila mmoja karatasi aandike kazi za Dada. Nimefanya hivi katika nyumba nyingi na matokeo huwa ya kusisimua, ila sijawahi kuona pengo kama hili.

Baba aliandika mambo matano: usafi, kupika, kufua, watoto, "kumsaidia mzee".

Mama aliandika kumi na moja. Aliongeza kupokea mizigo, kumwagilia maua, kufuatilia fundi, kumkumbusha gesi inapokaribia kwisha.

Dada hakutaka kuandika. Alisema, nikaandika mimi. Tulifika 43, na tulisimama kwa sababu ilibidi akawapokee watoto.

Siwezi kuzileta zote 43 hapa. Nyingi zilikuwa kazi za mikono: mashuka ya mzee yanayofuliwa mara tatu kwa wiki, kabati la jikoni linalotolewa vitu vyote mwisho wa mwezi. Lakini kama theluthi moja hivi hazikuwa kazi za mikono hata kidogo. Zilikuwa kazi za kujua. Anajua kwamba mtoto mkubwa akinyamaza sana jioni ameumizwa na mtu shuleni. Anajua mlango wa nyuma una namna yake ya kufungwa. Dawa ya kung'arishia nguo na ile ya tindikali ya kusafishia choo ameziweka rafu mbili tofauti, kwa makusudi, kwa sababu zikichanganyika hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Aliwahi kuvuta kidogo tu katika nyumba aliyofanyia kazi zamani, akakohoa siku tatu. Anajua chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na anajua ni nani humu ndani anayekiacha nje. Alipotaja hili la mwisho alicheka, nami sikuuliza ni nani.

Mama aliposomewa orodha ya Dada alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini mimi sikumtuma haya yote." Ni kweli, hakumtuma. Nami nadhani kiini cha kisa hiki kimo katika sentensi hiyo kuliko katika kidonge. Mwenye nyumba anaamini kazi ni kile alichotuma. Mtunza nyumba anajua kazi ni kile ambacho kisipofanyika nyumba itayumba. Tofauti kati ya hizo mbili haina mwenyewe, hailipwi, na siku mambo yakiharibika hutafutwa mtu wa kubebeshwa.

Kazi hii inaitwaje?

Hapa watu huniambia naingiza vitabu katika mambo ya nyumbani. Acha niingize kidogo.

Shirika la Kazi Duniani lina mfumo wa kuainisha kazi zote za binadamu, toleo la mwaka 2008. Ndani yake mfanya usafi wa nyumbani yuko namba 9111, katika kundi la 9, kazi zisizohitaji ujuzi mkubwa: kufagia, kufua, kutandika, kuosha. Mtunza nyumba yuko mahali pengine kabisa, namba 5152, kundi la 5, pamoja na watoa huduma wenye ujuzi. Kazi zake ni pamoja na kununua, kutunza na kugawa mahitaji ya nyumba, na kusaidia mtu anapopata maradhi madogo, kwa mfano kumpima joto au kumpa dawa. Anayemhudumia mgonjwa nyumbani ana namba yake nyingine, 5322. Anayelea watoto naye anayo yake, 5311.

Dada aliajiriwa kama 9111, akiongezewa kidogo 5311. Miaka sita baadaye alikuwa 5152 kamili, na tangu mzee ahamie alikuwa 5322 mchana na usiku. Mshahara ulibaki ule wa miaka mitatu nyuma. Nilipochora hili kwenye karatasi mbele yao, baba, ambaye kazini kwake husimamia watu, alisema kwamba mfanyakazi wake akibadilishwa majukumu hivyo bila barua, kungekuwa na mgomo. Alisema kwa mzaha, ila hakucheka.

Kwa nini hakuliona nyumbani kwake? Narudi kwenye jina. Kumwita mtu "Dada" ni heshima, na katika nyumba ile upendo ulikuwepo, sitaki kuudharau. Lakini dada hana maelezo ya kazi. Dada hasaini. Dada akiamka usiku kumgeuza babu anafanya udugu, haitwi mlinzi wa zamu. Na siku ya lawama, jina linageuka: Jumapili jioni hakuulizwa kama dada aliyekosa kufikisha habari, aliulizwa kama mfanyakazi aliyezembea. Alichoniambia Dada siku ya kwanza ni hiki: "Nilikuwa ndugu mpaka mtu alipotafutwa wa kubeba kosa." Aliongeza kwamba simu ingekuwa ya kuuliza tu, hata kwa ukali, asingeacha kazi. Kilichomwondoa ni neno "hukutuambia", kwa sababu aliwaambia.

Saa zake

Nilipata taabu kuwashawishi wenye nyumba wahesabu saa. Walisema Dada hupumzika mchana, na ni kweli. Tukahesabu hivyo hivyo, na mapumziko yake ndani. Anaamka saa 11 alfajiri. Analala saa 4 usiku. Hizo ni saa 17. Tukatoa saa tatu za kupumzika, ingawa mbili kati yake mzee alikuwa usingizini chumba cha pili na Dada hawezi kutoka nje. Zikabaki 14. Mara sita kwa wiki ni saa 84, kabla ya Jumapili asubuhi na kabla ya kuamshwa usiku, ambako kulikuwa mara moja au mbili kila usiku.

Mkataba wa Kimataifa namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa tarehe 16 Juni 2011 na kuanza kutumika Septemba 2013, unazungumzia mambo haya kwa lugha nyepesi. Mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Muda ambao mfanyakazi hana uhuru nao kwa sababu anasubiri kuitwa, uhesabiwe kuwa muda wa kazi kwa kiwango kitakachowekwa na sheria ya nchi. Masharti ya kazi yaelezwe kwa namna inayoeleweka, ikiwezekana kwa mkataba wa maandishi. Pendekezo namba 201 linaloambatana nao linataka maelezo ya kazi yawepo, na saa ziandikwe, zikiwemo za ziada na za kusubiri. Nchi ambayo haijauridhia mkataba haifungwi nao, lakini kama kipimo cha akili ya kawaida unafaa popote.

Kipengele cha saa 24 ndicho kilichonifumbua macho katika kisa hiki. Huwa tunakisoma kama haki ya kupumzika, na ndivyo kilivyo. Ila tazama kingefanya nini hapa. Dada angekuwa anaondoka Jumamosi jioni tangu mwanzo, pengo la Jumapili asubuhi lingejitokeza wiki ya kwanza baada ya mzee kuhamia, wakati bado anaweza kuhimili kuchelewa kula. Mtoto wa mzee angelazimika kujifunza. Saa tisa za mapumziko ya kumegwamegwa ziliificha hatari kwa miaka miwili.

Nani alikosea

Niliulizwa swali hili waziwazi na mama, nami nikajibu waziwazi, ingawa siku hizi wasuluhishi hupenda kuzungukazunguka.

Baba hakukosea kusoma kopo. Kopo lilikuwa limeandikwa. Alikosea kuona dalili na kuzilaza. Jasho jingi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida kwa mgonjwa wa kisukari ni sukari mpaka ithibitike si sukari. Angekuwa anajua, angempa baba yake kinywaji chenye sukari kiasi cha gramu 15 angali na fahamu, akapima tena baada ya dakika 15, na bado akampeleka hospitali, kwa maana dawa hii huweza kuishusha sukari tena saa kadhaa baadaye. Asiye na fahamu hapewi kitu mdomoni. Dada alikuwa anajua yote haya. Alifundishwa kliniki.

Mama alikosea kuifanya habari ya daktari kuwa habari ya jikoni. Kliniki nayo ilibadilisha dozi bila kubadilisha kibandiko, ikategemea mdomo wa mtu mmoja.

Na Dada? Huyu ndiye aliyenisumbua zaidi, kwa sababu nilikuja nikiwa upande wake, na sikutaka kuona sehemu yake. Kile kichupa kisicho na maandishi kilikuwa chake. Jumamosi jioni, wakati anaondoka, aliacha chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, orodha ya watoto imebandikwa ukutani. Kuhusu dawa alimwambia mama, "Dawa za babu ziko pale pale." Nilimuuliza kwa nini hakuandika. Mwanzoni alisema alikuwa na haraka. Siku nyingine, tukiwa peke yetu, alisema jambo ambalo watu wa kazi hii hawalisemi ovyo: "Nikiandika kila kitu ninachojua, kesho watamleta msichana wa bei nafuu wampe lile karatasi."

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri. Alichokijua ndicho kilichokuwa mkataba wake, pensheni yake na barua yake ya utambulisho kwa pamoja. Kwa takwimu za Shirika la Kazi Duniani zilizotolewa mwaka 2021, kuna wafanyakazi wa majumbani wapatao milioni 75.6 duniani, zaidi ya robo tatu yao wanawake, na asilimia 81 wako katika ajira isiyo rasmi. Mtu asiye na karatasi hata moja inayomlinda, unapomwambia atoe kichwani alichonacho akiweke kwenye karatasi, unamwomba avunje ukuta wa pekee alionao. Hukumu yangu ni kwamba alikosea kuhusu dawa, kwa sababu dawa ni uhai wa mtu wa tatu. Kuhusu mengine yote alikuwa anajilinda, na sioni kwa nini asijilinde.

Tulichojaribu

Jaribio langu la kwanza lilishindwa, na lilistahili kushindwa. Nilitengeneza jedwali safi la kazi 43, kila moja na siku yake na mahali pa kutia alama. Nililipenda mwenyewe. Dada alilitazama akasema, "Hapa umewatafutia makosa 43 ya kunikamata nayo." Nikalichana.

Tukaanza upya kwa mpangilio tofauti: kwanza kinga yake, ndipo maandishi yake. Uliandikwa mkataba wa kurasa mbili. Cheo: mtunza nyumba. Mshahara mpya, uliokubaliwa baada ya majadiliano ya jioni mbili ambayo sitayasimulia. Mapumziko kuanzia Jumamosi saa 12 jioni hadi Jumapili saa 2 usiku. Notisi ya miezi miwili kwa pande zote, na kiinua mgongo kwa kila mwaka wa kazi, miaka sita iliyopita ikihesabiwa. Usiku wa mzee ukaondolewa kwake: siku nne za wiki analala baba chumba cha jirani, siku tatu anakuja mhudumu wa wagonjwa. Dada alilipinga hili la mhudumu kwa wiki nzima. Alisema mzee atateseka. Nadhani pia alihisi anaporwa kitu, na sidhani alikosea sana.

Mkataba uliposainiwa ndipo nilipomwomba daftari. Sikuomba daftari la kazi zote. Niliomba la mambo ambayo mtu asipoyajua mwingine ataumia: dawa na masaa yake, dalili za sukari kushuka na namba ya kupiga, gesi inavyofungwa, vile vimiminika viwili visivyokutana, funguo. Lilijaa kurasa sita tu. Kule kujua kwingine, kwa watoto wanaonyamaza na wanaoacha vyakula nje, kulibaki kwake, na nilishauri kubaki hivyo. Kichupa kilitupwa, kukaja kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba. Kliniki ilimbadilishia mzee dawa, na safari hii baba alikwenda mwenyewe, akarudi na karatasi.

Dada alifuta notisi yake, kwa masharti ya kujipima miezi mitatu. Miezi hiyo imepita na bado yupo. Hajanena kwamba amesamehe, wala sikumwuliza. Mama ananiambia sasa akiongea naye huweka simu chini, na kwamba mara ya kwanza kufanya hivyo Dada alidhani kuna msiba.

Juzi nilipita kuwaona na baba akanionyesha lile daftari. Kurasa za mwisho zimekuwa za kukabidhiana: Jumamosi anaandika Dada, Jumapili usiku anaandika yeye. Wiki iliyopita aliandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu: "Mzee amekula saa 1:40. Dawa baadaye. Usiku ameamka mara moja. Kitasa cha mlango wa nyuma kimeharibika, nimeita fundi aje Jumanne."

Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Hakijaharibika. Unauinua mlango kwanza ndipo unazungusha. Fundi nimeshamwambia asije."